Ghala Lile Lile, Shehena Kubwa Zaidi: Diski za Ujazo Mkubwa na Gharama ya Kuhifadhi Kumbukumbu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi katika mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu)



Mkutano Mkuu ujao utaletewa pendekezo kuhusu mahali pa kuhifadhi leja na stakabadhi zetu za miaka ijayo. Wako wanaotaka Chama Kikuu kinunue mashine yake na kuiweka katika chumba kilicho nyuma ya ofisi ya mhasibu. Wako wanaotaka tukodi nafasi katika kituo cha data. Njia yoyote itakayochaguliwa, fedha zitatoka katika ushuru wa kila kilo ambayo mwanachama ameifikisha mizanini. Kwa hiyo yafaa wajumbe waelewe, kabla ya kunyosha mikono, kwa nini gharama ya kuhifadhi kumbukumbu imeshuka kiasi hiki, na imemshukia nani. Maana unafuu huo haumfikii kila mtu kwa kipimo kimoja.

Kituo cha data ni ghala. Badala ya magunia, humo mna makabati ya chuma yaliyojaa diski na kompyuta za kuzihudumia, ambazo huitwa seva. Kama ghala la pamba au la kahawa, kituo hicho kina paa, mlinzi, umeme, bima na mtu wa kuhesabu kilichomo. Tofauti ni kwamba bidhaa iliyomo hutoa joto usiku na mchana, na joto hilo hapana budi liondolewe, la sivyo mashine zitaharibika. Mwenye ghala yeyote ajua kwamba gharama ya paa, mlinzi na taa hailingani na idadi ya magunia. Ukiweza kuingiza magunia mara saba katika jengo lile lile bila kuongeza mlinzi wala taa, gharama ya kila gunia hupungua. Hilo ndilo lililotendeka katika diski, ila ongezeko lake limekuwa kubwa kupita mfano wowote wa ghala.

Tuitazame diski yenyewe. Ndani ya kasha la chuma lenye ukubwa wa kitabu kidogo, na uzito unaokaribia robo tatu ya kilo, zimo sahani za mviringo zilizopakwa utando mwembamba wenye sumaku. Sahani hizo huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa kidogo kilichoshikwa na mkono, kikiandika na kusoma alama za sumaku. Kichwa hicho hakiigusi sahani. Huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, yaani umbali mdogo kuliko unene wa unywele kwa maelfu ya mara. Kila alama ni moja au sufuri. Alama nane hufanya baiti moja, ambayo yatosha kuandika herufi moja ya kawaida. Baiti trilioni moja huitwa terabaiti.

Diski ya kwanza ya namna hii iliuzwa na kampuni ya IBM mwaka 1956, baada ya kutengenezwa katika maabara yake ya San Jose, California, chini ya uongozi wa Reynold Johnson. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na uzito wake ulikaribia tani moja. Ilihifadhi herufi milioni 5. Hakuna aliyeibeba nyumbani: mtambo mzima ulikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi. Tukikadiria kwamba mstari mmoja wa leja ya mapokezi una herufi 100, mtambo ule ungebeba mistari 50,000, nayo ni mapokezi ya msimu mmoja kwa vyama vya msingi vinane hivi vya wastani. Sisemi haya kwa kuucheka. Wakati ule hakuna aliyekuwa na njia nyingine ya kuufikia mstari wowote kati ya mistari 50,000 kwa muda wa sekunde moja hivi.

Katika inchi moja ya mraba, sahani za mwaka 1956 zilibeba alama 2,000. Sahani za leo hubeba zaidi ya alama trilioni moja katika eneo lilo hilo. Ni ongezeko la zaidi ya mara milioni 500, na halikupatikana kwa hila moja. Nitaeleza hila nne tu, kwa kuwa kila moja imeacha alama yake katika bei tunayoletewa leo.

Kwa miaka mingi alama za sumaku zililazwa juu ya sahani, kichwa kwa mguu, kama magunia yaliyolazwa sakafuni. Kuanzia mwaka 2005 na 2006 watengenezaji walianza kuzisimamisha wima. Kila mchukuzi wa ghalani ajua kwamba magunia yaliyosimamishwa hula sakafu kidogo kuliko yaliyolazwa.

Baadaye waliitazama hewa iliyomo ndani ya kasha. Sahani inayozunguka kwa kasi ile husukumana na hewa. Hutikisika, na mota hutumia umeme kushinda msuguano huo. Mwaka 2013 kampuni ya HGST, iliyokuwa mali ya Western Digital, ilileta diski ya terabaiti 6 iliyojazwa gesi ya heliamu, ambayo uzito wake ni kama sehemu moja ya saba ya uzito wa hewa. Kwa kuwa mtikisiko ulipungua, sahani ziliweza kufanywa nyembamba na kukaribiana. Ndani ya kasha la ukubwa ule ule zikaingia sahani 7, na siku hizi huingia 10 au 11. Umeme unaoliwa na mota nao ukapungua. Kazi ilikuwa kulifunga kasha lisivuje, kwa kuwa heliamu hupenya mahali ambapo gesi nyingine haipenyi.

Mwaka huo huo wa 2013 zilianza pia kuuzwa diski ambazo mistari yake imepandana kama makuti ya paa. Kichwa cha kuandikia huhitaji njia pana kuliko kichwa cha kusomea. Basi mstari mpya huandikwa ukifunika sehemu ya mstari uliotangulia, na sehemu inayobaki wazi yatosha kusomwa. Nafasi hupatikana, lakini aliyewahi kuezeka ajua hasara yake: ukitaka kubadili kuti la katikati huna budi kuyainua yaliyolazwa juu yake. Diski hizi hazifai kwa leja inayobadilika kila saa. Zafaa sana kwa vitu vinavyoandikwa mara moja na kusomwa tu, kama vile picha ya stakabadhi ya mwaka juzi. Kampuni ya Dropbox, ambayo kazi yake ni kuwatunzia watu mafaili, ilitangaza mwaka 2018 kwamba imeanza kuzitumia, na haikuwa bahati nasibu: mafaili mengi yaliyohifadhiwa hayaguswi tena na mwenyewe.

Hila ya nne ndiyo mpya, na kwa maoni yangu ndiyo ya ajabu kuliko zote. Alama ya sumaku ikizidi kuwa ndogo, joto la kawaida la chumba laweza kuigeuza yenyewe, na moja ikawa sufuri bila mtu kuamuru. Dawa ni kutumia madini yenye sumaku kaidi, mchanganyiko wa chuma na platini, ambao haugeuki ovyo. Lakini sumaku isiyogeuzwa na joto la chumba haigeuzwi na kichwa cha kuandikia pia. Wahandisi wakaweka juu ya kichwa mwale mdogo wa leza. Mwale huo hupasha nukta moja ya sahani moto wa zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi, alama ikaandikwa, kisha nukta ikapoa, vyote kwa muda wa sehemu chache za bilioni ya sekunde. Utafiti wa jambo hili ulichukua zaidi ya miaka 20. Mwezi Januari 2024 kampuni ya Seagate ilitangaza diski za namna hiyo zenye terabaiti 30 na zaidi, kila sahani ikibeba terabaiti 3.

Sasa tuingie katika hesabu, maana makatibu hawaridhiki na sifa tupu. Tuchukue kituo kinachotaka kuhifadhi terabaiti 1,000. Kikitumia diski za terabaiti 4, ambazo zilikuwa za kawaida miaka kama kumi iliyopita, kitahitaji diski 250. Kikitumia za terabaiti 30, kitahitaji 34. Diski ya kituoni hutumia kati ya wati 5 na 10 hivi, kutegemea kazi iliyo nayo; na hapa ndipo penye siri ya jambo zima, kwamba diski kubwa haili umeme zaidi sana kuliko ndogo. Mota ni ile ile, mwendo ni ule ule. Tukikadiria wati 8 kwa kila moja, diski 250 hutumia uniti 48 za umeme kwa siku, na zile 34 hutumia uniti 6 na nusu. Kwa mwaka mzima ni uniti 17,520 dhidi ya uniti 2,383.

Wala hesabu haiishii hapo. Kasha moja la seva hubeba diski kama 60. Diski 250 zahitaji makasha matano, kila moja likiwa na feni, kompyuta, vigeuza umeme na nyaya zake. Diski 34 zaingia katika kasha moja, tena nafasi ikabaki. Umeme wote unaoingia katika mashine hutoka ukiwa joto, nalo huondolewa kwa viyoyozi vinavyotumia umeme pia. Vituo vikubwa vilivyojengwa kwa uangalifu hutumia wati moja hivi ya ziada kwa kila wati 10 za mashine. Vituo vingi vya kawaida hutumia wati 5 au zaidi. Uniti moja iliyookolewa kwenye diski, kwa hiyo, huokoa sehemu ya uniti nyingine kwenye kiyoyozi. Halafu kuna uzito: kilo 175 za chuma, alumini, sumaku na kioo upande mmoja, na kilo 24 upande wa pili, vyote vitakavyotakiwa kutupwa au kuyeyushwa baada ya miaka mitano au sita.

Nimewasikia wauzaji wakiishia hapa na kufunga mkoba. Mimi siwezi kuishia hapa, kwani upande wa pili wa daftari nao una maandishi.

Ujazo wa diski umekua mbio. Kasi yake ya kusoma imekua polepole. Diski ya leo husoma kama megabaiti 250 kwa sekunde. Kuisoma yote ya terabaiti 30, kutoka mwanzo hadi mwisho, huchukua zaidi ya saa 33, ilhali ile ya terabaiti 4 ilisomwa yote kwa muda wa saa 6 hivi. Ni ghala lililopanuliwa mara saba na nusu, na mlango wake umeongezwa upana kidogo tu. Tena fikirini mkono ule unaobeba kichwa. Ukitaka mstari mmoja mahali popote, mkono huna budi kusogea, kisha usubiri sahani izunguke mpaka mahali panapotakiwa. Sahani inayozunguka mara 120 kwa sekunde hukuchelewesha, kwa wastani, kama elfu nne za sekunde, na mwendo wa mkono huongeza kama elfu nane. Kwa hiyo diski moja hutimiza maombi kama 80 tu kwa sekunde, iwe ndogo au kubwa. Diski 250 hutimiza maombi 20,000. Diski 34 hutimiza 2,720. Umeokoa umeme, na umepoteza makarani.

Ndiyo maana vituo vyenye busara haviweki kila kitu mahali pamoja. Kinachoulizwa kila dakika, kama vile salio la mwanachama wakati wa malipo, huwekwa katika hifadhi isiyo na sahani wala mkono, ya vipande vya elektroniki vitupu, ambayo ni ya haraka na bei yake kwa kila terabaiti ni ya juu zaidi. Kinachoulizwa mara moja kwa msimu huwekwa katika diski za ujazo mkubwa. Mpangilio huo si mgeni kwetu. Leja ya msimu huu iko mezani kwa karani. Za miaka iliyopita ziko kabatini. Za zamani zaidi ziko darini. Ambaye ameziweka zote mezani hapati mahali pa kuandikia.

Jambo la pili ni kufa kwa diski. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayomiliki mamia ya maelfu ya diski, imekuwa ikitangaza hadharani idadi ya zinazokufa. Katika miaka ya karibuni ni kati ya 1 na 2 kwa kila 100 kwa mwaka. Katika kundi la diski 250 tutarajie vifo vitatu au vinne kwa mwaka. Katika kundi la 34, kimoja kwa miaka miwili hivi. Fundi atapumzika. Lakini kifo hicho kimoja huchukua terabaiti 30 badala ya 4, na kuzirudisha kutoka katika diski nyingine ni kazi ya siku na nusu kama mashine haina shughuli nyingine, na huwa nayo. Katika siku hizo, diski ya pili ikifa, hali huwa ya hatari.

Zamani dawa ilikuwa kuweka nakala tatu za kila kitu. Ndivyo Google walivyoeleza mfumo wao mwaka 2003. Ni salama, lakini kila gunia hulipiwa nafasi ya magunia matatu. Njia inayotumiwa sana leo hutokana na hesabu iliyochapishwa mwaka 1960 na Irving Reed na Gustave Solomon. Backblaze, kwa mfano, walieleza mwaka 2015 kwamba hugawa faili katika vipande 17, kisha hukokotoa vipande vingine 3 kutokana na hivyo, na kuvitawanya vyote 20 katika diski 20 zilizo katika mashine 20 mbalimbali. Vipande 17 vyovyote vyatosha kulijenga faili upya. Diski tatu kati ya hizo zaweza kufa kwa wakati mmoja, na hakuna herufi itakayopotea. Kwa nakala tatu wangehitaji nafasi 51. Kwa njia hii walihitaji 20. Basi unafuu wa kituo cha data unatokana na ujazo wa diski pamoja na hesabu hii, na hesabu hii haiwezekani kwa mwenye diski moja wala mbili.

Naja kwetu. Chukua chama cha msingi chenye wanachama 600, kila mmoja akileta mazao mara 10 kwa msimu. Ni stakabadhi 6,000. Picha ya stakabadhi moja, ikipigwa kwa kiasi, ni nusu megabaiti. Jumla ni gigabaiti 3 kwa msimu. Vyama 100 vya namna hiyo hufanya gigabaiti 300, na kwa miaka 10 terabaiti 3. Diski moja mpya ya terabaiti 30 ingebeba stakabadhi zetu zote kwa miaka 100, ijapokuwa yenyewe haitaishi miaka hiyo.

Hapo ndipo wengine wanaposema: basi tununue hiyo diski, tumalize maneno. Nawaheshimu, lakini nakataa. Unafuu niliouhesabu hapo juu ni wa anayejaza ghala. Sisi tungenunua ghala zima na kuweka gunia moja pembeni, kisha tukalipia mlinzi, kiyoyozi na betri ya kuzuia umeme ukikatika. Na gunia lenyewe lingekuwa mahali pamoja. Nakijua chama kimoja cha msingi, ambacho hakiko katika Chama Kikuu chetu na jina lake sina haja ya kulitaja, kilichoweka mapokezi ya msimu mzima katika kompyuta moja ya ofisini. Diski ilikufa wiki mbili kabla ya malipo ya pili. Stakabadhi za mkono za wanachama wengine zilikuwa zimelowa, za wengine zimepotea. Kamati ilikaa siku kumi na moja ikisikiliza madai ya kilo, mtu na jirani yake, na wapo waliolipwa pungufu kwa sababu tu hawakuwa na karatasi. Diski ile ilikuwa nzima na mpya, ya ujazo mkubwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kukodi. Ipo nafasi ya kukodi hapa nchini. Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kipo Kijitonyama, Dar es Salaam, na yapo makampuni binafsi. Taarifa tunazoziingiza katika mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika zina utaratibu wake. Hapa nazungumzia picha za stakabadhi, mihtasari na leja zetu wenyewe. Tulipie nafasi tunayoitumia tu, wala tusikubali mkataba unaotuuzia terabaiti 30 kwa sababu zasikika kuwa nyingi. Hali kadhalika, Chama Kikuu kinunue diski mbili ndogo za bei ya kawaida, na kila mwisho wa mwezi nakala ziandikwe humo. Moja ikae kasikini. Nyingine ikae katika mji mwingine, nayo ibadilishane na ya kwanza kila mwezi.

Kabla ya kutia saini, wajumbe wa kamati wamuulize mwenye kituo maswali yafuatayo, na majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Ni diski ngapi zinazoweza kufa kwa pamoja kabla taarifa zetu hazijapotea? Je, nakala nyingine ipo nje ya jengo hilo, na ipo nchini? Maana taarifa za wanachama, majina na akaunti zao za benki, zimo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tukiomba stakabadhi ya miaka mitano iliyopita, itafika kwa dakika, kwa saa au kwa siku? Zipo bei nafuu sana ambazo siri yake ni kwamba kurudishiwa mali yako kunalipiwa kando. Na tukiamua kuhama, tutakabidhiwa vyetu kwa muda gani na kwa gharama ya nani?

Kuhusu stakabadhi za karatasi, makatibu waliniuliza jana jioni kama sasa zaweza kuchomwa baada ya kupigwa picha. Zisichomwe. Muda wa kuzitunza umewekwa na taratibu za ukaguzi, na haukubadilishwa na diski. Zikaushwe, zifungwe kwa msimu na kwa kituo cha kununulia, na namba ya fungu iandikwe pia katika jina la faili la picha, ili mkaguzi akiomba kimoja apewe vyote viwili.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyoombwa kuyaeleza. Hesabu za chama kimoja kimoja nimeziacha kwa mhasibu. Katibu ambaye chama chake kina wanachama zaidi ya 600 azidishe mwenyewe kabla ya Mkutano Mkuu. Niko tayari kwa maswali.